Siri, Amana na Majina ya Waliofungwa



Liko swali ambalo halikosi kuulizwa katika darsa za misikiti yetu, hapa Buzuruga na kwa jirani zetu wa Nyakato na Igoma. Mtu amekula kiapo cha kutunza siri za kazi yake, kisha akaona kwamba ndani ya siri hizo imo dhulma. Afanye nini? Anyamaze kwa kuchelea kiapo, au aseme kwa kuchelea Mola wake? Swali hili ni la askari, la karani wa bandari, la muuguzi wa hospitali, na hata la mweka hazina wa msikiti. Kila mmoja wetu amekabidhiwa amana fulani, na kila amana ina mlango wake wa kufungwa na mlango wake wa kufunguliwa.

Tumeona ni vyema tulijibu kwa kutazama kesi mbili za mabaharia wa jeshi la majini la Marekani. Tumezichagua kwa sababu hukumu zake zilikwisha kutolewa, na kwa sababu ni rahisi mno kuzipima kwa mizani mbovu. Mmoja wa mabaharia hao alikuwa na jina la Kiislamu, na mwingine hakuwa nalo. Atakayesoma majina tu atakosea kote kuwili.

Baharia wa kwanza ni Luteni Kamanda Matthew Diaz. Alikuwa mwanasheria wa jeshi la majini, na mnamo Julai 2004 alipelekwa katika kambi ya Guantanamo, nchini Cuba, kwa zamu ya miezi sita. Tangu Januari 2002 kambi hiyo ilikuwa imejazwa watu waliokamatwa Afghanistan, Pakistan na kwingineko. Serikali ya Marekani ilisema kwamba watu hao si wafungwa wa vita wenye haki za mikataba ya Geneva, wala si watuhumiwa wa kawaida wenye haki ya kufikishwa mahakamani. Majina yao hayakutangazwa. Mama aliyempoteza mwanawe njiani hakuwa na pa kuuliza kama mwanawe yu hai au amekwisha kuzikwa.

Siku chache kabla ya Diaz kufika huko, tarehe 28 Juni 2004, Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilitoa uamuzi katika shauri la Rasul dhidi ya Bush. Majaji sita dhidi ya watatu walisema kwamba mahabusu wa Guantanamo wana haki ya kuzitaka mahakama za Marekani zichunguze uhalali wa kufungwa kwao. Haki ilikuwa imetamkwa. Lakini mtu asiyejulikana jina atafunguliwaje shauri? Wakili atamwakilisha nani? Taasisi ya Center for Constitutional Rights ya New York, iliyoshinda shauri hilo, ikaandika barua mwezi Desemba 2004 kuomba majina. Serikali haikuyatoa. Barua ile ilipita katika ofisi alimofanya kazi Diaz, na yeye akaisoma.

Mnamo Januari 2005, zamu yake ilipokuwa ikimalizika, Diaz alichapa kutoka kwenye kompyuta ya jeshi orodha ya mahabusu wapatao 550. Akaikatakata karatasi iwe midogo, akaiingiza ndani ya kadi ya Siku ya Wapendanao, akaituma New York kwa mwanasheria wa taasisi ile pasipo kutaja jina lake. Waliopokea kadi hiyo hawakukimbilia magazetini. Walihisi kwamba huenda ni waraka wa siri, nao wakaukabidhi mikononi mwa mahakama. Kutoka hapo wapelelezi wakaanza kazi, na alama za vidole zikawafikisha kwa Diaz.

Mnamo Mei 2007 alisimama mbele ya mahakama ya kijeshi huko Norfolk, Virginia. Alishitakiwa kwa kutoa habari za siri kwa mtu asiyestahili kuzipokea, kwa kuvunja kanuni za jeshi kuhusu nyaraka, na kwa mwenendo usiomstahili ofisa. Upande wa mashitaka ulieleza kwamba ile haikuwa orodha ya majina matupu, kwani kando ya majina zilikuwamo namba na alama za kazi ya upelelezi. Utetezi ukasema kwamba waraka wenyewe haukupigwa mhuri wa siri. Jopo la maofisa wa majini lilimtia hatiani, likamhukumu kifungo cha miezi sita na kufukuzwa jeshini. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa ya Majeshi ya Marekani iliiacha hukumu isimame, na baadaye akapoteza pia leseni yake ya uwakili. Upande wa pili, mwaka 2008 alitunukiwa tuzo ya Ridenhour, inayotolewa kwa watu waliosema ukweli kwa gharama kubwa.

Sasa tutazame jambo moja ambalo kila mwenye insafu analazimika kulizingatia. Shirika la habari la Associated Press lilikwenda mahakamani kudai majina yale yale kwa njia ya sheria, nalo likashinda. Tarehe 19 Aprili 2006 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitangaza orodha ya watu 558, na tarehe 15 Mei 2006 ikatangaza nyingine ya watu 759 waliowahi kuwekwa humo. Kwa hiyo Diaz alipopandishwa kizimbani, majina yalikuwa yamekwisha kusomwa na dunia nzima kwa muda wa mwaka mzima. Mbingu haikuanguka. Tunauliza: ikiwa serikali yenyewe iliweza kuyatangaza na taifa likabaki salama, kwa nini hapo mwanzo yalifichwa? Siri ile ilimlinda nani?

Baharia wa pili ni Hassan Abu-Jihaad, Mmarekani aliyekuwa mpokeaji na mtuma ishara katika meli ya kivita USS Benfold. Mwaka 2001 meli hiyo ilisafiri na kundi la meli kutoka San Diego kuelekea Ghuba. Miezi michache kabla ya safari hiyo, Oktoba 2000, mabaharia 17 wa meli ya USS Cole walikuwa wameuawa kwa bomu bandarini Aden. Mnamo Desemba 2003 polisi wa Uingereza walikuta katika nyumba moja London diski yenye maelezo ya safari ya kundi lile, pamoja na siku ambayo meli zingepita usiku katika Mlango Bahari wa Hormuz na jinsi zinavyoweza kushambuliwa. Abu-Jihaad alikana kuyatuma. Mwezi Machi 2008 baraza la wazee wa mahakama ya kiraia huko New Haven, Connecticut, lilimtia hatiani, na mwaka 2009 akahukumiwa miaka 10. Jaji aliondoa shitaka la kusaidia ugaidi, lakini akaliacha lile la kutoa siri za ulinzi, na mahakama ya rufaa ikakubaliana naye mwaka 2010.

Ndugu zetu, hapa ndipo penye mtihani. Wapo miongoni mwetu watakaosikia jina la Abu-Jihaad wakasema papo hapo, "Huyu ni wetu, ameonewa." Wapo watakaosikia jina la Diaz wasijali, kwa kuwa si wetu. Sisi tunasema kwamba hiyo si mizani ya Uislamu. Dini yetu imetuamrisha tuwe waadilifu hata pale uadilifu unapotuumiza sisi wenyewe na jamaa zetu. Kupima haki kwa majina ya watu ni ujahili uliovaa kanzu.

Wala hatusemi kwamba Waislamu hawakuonewa katika majeshi hayo. Kapteni James Yee, aliyekuwa imamu wa jeshi pale pale Guantanamo, alikamatwa Septemba 2003, akawekwa peke yake kwa siku 76, na watu wakaambiwa kwamba ni jasusi. Mwezi Machi 2004 mashitaka yakafutwa. Tunalitaja ili ieleweke kwamba anayedai haki hana budi kuidai kila mahali, kesi kwa kesi, kwa kutazama ushahidi.

Basi tuzipime kesi hizi mbili kwa vigezo vitatu.

Kwanza, ni kitu gani kilichotolewa? Njia na saa ya meli iliyobeba mamia ya watu ni siri ya kweli. Ikitoka, watu huuawa wakiwa usingizini. Jina la mtu aliyefungwa si siri ya namna hiyo. Jina ni la mwenyewe, ni la wazazi waliomwita kwalo, ni la mke na watoto wake. Dola inaweza kumfunga mtu kwa haki au kwa batili, lakini haiwezi kulimiliki jina lake. Ama zile alama za kipelelezi zilizokuwa kando ya majina, hizo ni jambo jingine, nasi tunakiri kwamba Diaz hakuzichuja, wala haifai kumtetea kwa hilo.

Pili, kilipelekwa kwa nani? Kumpa adui habari ili aue ni khiyana. Kumpa wakili habari ili aende mahakamani, wakati mahakama ya juu imekwisha kusema kwamba mlango u wazi, ni jambo lililo mbali na hilo kama ardhi na mbingu. Waliopokea wenyewe walilithibitisha hilo kwa kitendo chao cha kuipeleka orodha kwa hakimu.

Tatu, kilipelekwa kwa njia gani? Hapa Diaz hana hoja ya kutosha. Alikuwa ofisa na mwanasheria. Alikuwa na wakubwa wa kuwaandikia, wakaguzi wa jeshi wa kuwaendea, wabunge wa nchi yake wa kuwaeleza. Yeye mwenyewe aliwaambia waandishi wa habari kwamba alificha jina lake kwa kuihofia kazi yake. Hofu hiyo ni ya kibinadamu, nasi hatumdhihaki. Lakini ukweli uliotumwa gizani hupungukiwa na nguvu yake, kwa maana wanaotaka kuufunika hupata la kusema juu ya njia, wakaacha kusema juu ya jambo lenyewe. Ndivyo ilivyokuwa Norfolk. Mahakama ilimpima baharia na kadi yake. Wale waliowaficha watu 550 hawakupimwa na mtu.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii. Jeshi lina haki ya kuadhibu uvunjaji wa kanuni zake, na kifungo cha miezi sita si kikubwa kwa aliyevunja kiapo. Lakini taifa linalomfunga mtoa majina na kumwacha mficha majina halijamaliza kazi ya uadilifu. Limeifanya nusu, tena nusu iliyo nyepesi.

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni ya Wamarekani, na sisi tuko ukingoni mwa Ziwa Victoria. Hapana, ndugu. Hayo yalifika kwetu zamani.

Suleiman Abdallah Salim, Mtanzania, alikamatwa Mogadishu mwaka 2003, akahamishwa kutoka gereza moja la siri hadi jingine huko Afghanistan, akateswa, na hatimaye mwaka 2008 akaachiliwa bila shitaka lolote. Jina lake liliandikwa katika ripoti ya Baraza la Seneti la Marekani iliyotoka Desemba 2014, naye akawa mmoja wa waliofungua shauri dhidi ya wanasaikolojia wawili waliobuni mateso hayo. Shauri lilimalizwa kwa maelewano mwezi Agosti 2017. Na Mohammed Abdul Malik Bajabu, Mkenya, alikamatwa Mombasa Februari 2007, akapelekwa Guantanamo, na hakurudishwa Kenya hadi Desemba 2024. Miaka 17 ilipita bila kusomewa shitaka.

Mwanzoni mwa mwaka huo huo wa 2007, watu zaidi ya 80 walipandishwa ndege usiku nchini Kenya, wakapelekwa Somalia na kisha wengine Ethiopia. Walikuwamo wanawake na watoto. Serikali ilipoulizwa haikuwa na majibu. Kilichovunja ukimya ule ni orodha za abiria wa ndege, ambazo jumuiya ya Muslim Human Rights Forum ya Kenya ilizipata na kuzitangaza. Karatasi ile yenye majina ilifanya kazi ambayo maandamano hayakuweza kuifanya, kwa sababu baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba watu hao hawakuwapo.

Nasi watu wa Mwanza, je, tunahitaji kufundishwa thamani ya orodha? Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia bandari yetu. Ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430, ikabeba zaidi ya hao. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa wameandikwa. Abiria wa daraja la tatu, yaani maskini, hawakuandikwa kabisa. Ndiyo maana hadi leo hesabu za waliokufa zinatofautiana kwa mamia, na pale Igoma, mwendo mfupi kutoka hapa Buzuruga kwa barabara ya Musoma, wamelala watu ambao hakuna aliyeweza kuwaita kwa majina walipokuwa wakiteremshwa kaburini.

Tena katika maji yale yale alikufa Abu Ubaidah al-Banshiri, Mmisri aliyekuwa kamanda wa kijeshi wa al-Qaida, akisafiri kwa jina lisilo lake. Serikali za dunia zilichelewa kujua kwamba amekufa. Wenye kufikiri wazingatie jambo hilo. Wanaodhani kwamba kutoandika watu ni usalama wanajidanganya. Pasipo orodha ya kweli, mnyonge hupotea na mhalifu hujificha, wote wawili katika giza moja. Na majina yakitajwa, mwenye hatia haponyoki kwa ajili hiyo. Ahmed Khalfan Ghailani wa Zanzibar alitolewa Guantanamo mwaka 2009, akapelekwa mahakamani New York mbele ya macho ya watu. Mwaka 2010 aliondolewa makosa zaidi ya 280, akatiwa hatiani kwa kosa moja la njama zinazohusiana na mabomu ya balozi za Nairobi na Dar es Salaam ya mwaka 1998, na kwa kosa hilo moja akapewa kifungo cha maisha. Mahakama ya wazi haikumlea mhalifu.

Basi yatupasa nini sisi wa misikitini?

La kwanza, tusiwe watu wa kuvujisha. Nchi yetu ina Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, inayoadhibu utoaji wa siri za serikali, na askari wa Jeshi la Wananchi wako chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966 na mahakama zake za kijeshi. Kijana wetu aliye jeshini, polisi au magereza, asidanganywe na yeyote kwamba kutoa mpango wa lindo au safari ya askari ni jihadi. Hiyo ni khiyana, na damu itakayomwagika itakuwa shingoni mwake.

La pili, aliyeona uovu kazini apite mlango ulio wazi. Tangu mwaka 2015 tunayo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi, inayomlinda mtu anayepeleka habari za uovu kwa mamlaka inayohusika. Aandike, atie jina lake, atunze nakala. Tunajua kwamba milango hiyo mara nyingine hugongwa isifunguliwe. Hata hivyo, aliyegonga mlango ana hoja ambayo aliyeruka ukuta hana.

La tatu, na hili ni la jamaa nzima, tuandike majina. Mtu akikamatwa katika mtaa wetu, asiwe habari ya vibarazani kwa siku tatu kisha akasahauliwa. Kamati ya msikiti iandike jina lake kamili, siku na saa aliyochukuliwa, mahali, watu walioshuhudia, na kituo alichosemekana kupelekwa. Wajumbe wawili waende kituoni waulize kwa adabu, na jibu waliandike. Wakili ajulishwe mapema. Ibara ya 15 ya Katiba yetu inakataza mtu kunyang'anywa uhuru wake isipokuwa kwa utaratibu wa sheria, na Mahakama Kuu inao uwezo wa kuamuru aliyeshikiliwa isivyo halali aletwe mbele yake. Lakini mahakama haiwezi kumwita mtu asiye na jina. Na tufanye hivyo kwa kila mkazi wa mtaa, awe anaswali nasi au anakwenda kanisani, kwa kuwa jirani ana haki juu yetu.

La nne, tuanze nyumbani. Ni misikiti mingapi ambayo hesabu za michango yake ni siri ya watu watatu? Ni madrasa ngapi ambazo hazina daftari lenye majina ya watoto na wazazi wao? Tutaidai vipi serikali iwe wazi juu ya watu wake, na sisi wenyewe tumezifungia karatasi zetu kabatini? Imamu asiyeweza kusoma hesabu mbele ya maamuma siku ya Ijumaa asitegemee kusikilizwa atakapozungumza juu ya dhulma za wakubwa.

Siri ina mahali pake katika dini na katika dola. Siri ya mgonjwa, siri ya ndoa, siri ya mlinzi anayetulinda tulalapo, zote hizo ni amana, na atakayezitoa ataulizwa. Lakini mtu mzima, mwenye mama na baba, hawezi kugeuzwa kuwa siri. Anayefanya hivyo, awe anakaa Washington, Nairobi au Dodoma, amejitwalia kisicho chake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape subira wote waliofungwa bila haki, awarudishe kwa watu wao, na atujaalie sisi kuwa mashahidi wasiopendelea.

Wabillahi tawfiq.